Mkono Unaoshika Upinde

Kijana mmoja wa Ngungu alinijia mwezi uliopita akiwa na simu mkononi. Alinionyesha video ya mzungu anayepiga upinde wa magurudumu, ule wenye puli moja juu na nyingine chini, na kamba zinazopishana katikati. Akaniuliza, "Papa Bahati, hii upinde, mi naweza kuipiga na mishale yako ya miti?" Nilikaa kimya mpaka akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti kubwa, kama mnavyopenda kutufanyia sisi wazee. Masikio yangu ni mazima. Jibu ndilo lilikuwa refu, na pikipiki aliyokodi ilikuwa inamngoja nje na dereva anapiga honi.

Basi nimeliandika kwenye daftari hili, ili alisome yeye na nyinyi wenzake mnaokuja kwangu kujifunza kuchonga. Nilichonga mishale zaidi ya miaka thelathini, mingi hapa Ntoto, na michache kule Lushebere vita ilipotusukuma. Sasa macho yangu hayaoni tena nyuzi za mti, na fundi asiyeona nyuzi za mti ni muuza kuni. Nimeacha kazi. Lakini mkono wa kushoto wa rafiki yangu Musafiri naukumbuka kidole kwa kidole, na jibu langu lote limo ndani ya mkono ule.

Aliyenifundisha ni Mzee Kibira. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mchoyo wa maneno. Mwaka wangu wa kwanza nilimletea mshale niliouchonga siku tatu, nimeusugua mpaka unang'aa. Akautazama, akaupinda kidogo karibu na sikio lake, kisha akauvunja vipande viwili na kumpa mke wake, Mama Sifa, ambaye alikuwa na chungu cha maharage motoni. Sikuambiwa kosa langu. Jioni niliitwa nile, nikala maharage yaliyoivishwa na mshale wangu mwenyewe. Mwaka ule tulikula maharage mengi sana.

Kosa nililijua baadaye. Nilikuwa nakata mti, na mshale haukatwi. Unaupasua mti kwa kabari, taratibu, uuache wenyewe ukuonyeshe nyuzi zake zinaelekea wapi, halafu unachonga kwa kuzifuata. Uzi mmoja ukitokea ubavuni kabla ya kufika mwisho, mahali pale ndipo mshale utakapokatikia. Msumeno hauna subira hiyo. Unapita moja kwa moja, na kijiti kinatoka kimenyooka kwa nje, lakini ndani kimekatwa tayari.

Ukishachonga, unaifunga mishale na kuipandisha juu ya meko, pale tunapokaushia mahindi, ikae katika moshi. Kwa hiyo kazi yetu nusu ilikuwa ya mwanaume na nusu ilikuwa ya mwenye jiko. Mama Sifa ndiye aliyejua ni lini moto upunguzwe na ni lini mishale igeuzwe. Moshi unafukuza wadudu, unakausha maji yote ya mti, na mshale unakuwa mweusi, mwepesi, mgumu. Kwa pinde zetu za hapa hakuna kitu kizuri kuliko huo. Mshale uliokaa juu ya moshi miaka kumi tulikuwa tunaushika kwa mikono miwili.

Halafu kuna kupinda. Hili lisikieni vizuri. Unaushika mshale kwenye ncha zote mbili, unausogeza karibu na sikio, unaupinda kidogo tu katikati, unauzungusha, unaupinda tena. Mshale mzima unanyamaza. Wenye ufa unalia, tik, sauti ndogo kama ya mdudu ndani ya ukuta. Jicho haliuoni ufa ule. Sikio peke yake linaujua. Kila mshale unapindwa kabla ya kupigwa, na ukishagonga kitu kigumu unapindwa tena. Mpaka leo mambo haya yananishangaza, kwamba mti uliokufa zamani bado unaweza kumwambia mtu ukweli akiuliza kwa upole.

Lakini tulikuwa na desturi moja. Mshale wa marehemu haupindwi. Wazee walisema kuupinda mshale ni kumuuliza fundi, je, ulinidanganya? Aliye hai atajibu. Aliyekufa hawezi kujitetea, kwa hiyo haulizwi. Nilifundishwa hivyo na kila mtu, na niliona ni heshima nzuri. Bado naona ni nzuri. Ngojeni tu.

Mzee Kibira alifariki kwa homa kabla ya vita kutufikia. Aliniachia mishale tisa, myeusi kabisa, ya miaka mingi juu ya meko ya Mama Sifa. Siku tulipokimbia Ntoto, kila mtu alibeba alichoona ni uhai wake. Mwingine alibeba mashine ya kushonea, mwingine mbuzi. Mimi nilibeba mishale ile tisa, nimeifunga kwa kamba ya migomba, na Mama Sifa alibeba chungu chake. Njia ilikuwa ndefu, milima na tope. Kifurushi kile nilikifanya fimbo kwenye miteremko. Nilikilalia. Kwenye mto mmoja nilikirusha ng'ambo ili niwe na mikono miwili ya kumshika Mama Sifa, kikatua juu ya mawe. Tulipofika kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere nilikifungua mbele ya watu kwa majivuno, na mishale yote tisa ilikuwa imenyooka. Watu walisema Mzee ametulinda. Nami nikaamini.

Kambini tulipata ardhi ya kulima kwa hisani ya wenyeji, mashamba madogo ya maharage na mahindi kando ya kilima. Nguruwe wa porini wakayajua mashamba yale kabla hayajakomaa. Mtu angeweza kusema, tafuteni bunduki. Lakini miaka ile mlio mmoja tu wa bunduki ulitosha kuiinua kambi nzima, akina mama wanakimbia na watoto, wengine hawarudi siku mbili. Nguruwe alitakiwa afe kimya kimya.

Mtu wa kazi hiyo alikuwa Musafiri. Nilimjua toka Ntoto, mwindaji wa kweli, mrefu, mwenye utani mwingi, ambaye alikuwa ananiita "Mamishale" kama vile ni jina la kanisani. Mkono wake wa kushoto, ule unaoshika upinde, haukutetemeka hata akicheka. Mkono huohuo ulishika jembe, na nyuma yake kulikuwa na mke, mama mzee na watoto sita, wote wanakula kutokana nao. Upinde wake wa zamani ulikuwa umebaki Ntoto na kuungua pamoja na nyumba.

Ndipo Kambale akaleta mashine yake. Huyu Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na lori pale Masisi, mji wa karibu, mkatoliki asiyekosa misa na asiyekosa pia maoni juu ya kila kitu. Alikuwa amepata upinde wa magurudumu ndani ya mzigo wa vitu vya mitumba vya Ulaya. Mishale yake ya alumini haikuwapo tena. Mmoja ulikuwa umegeuka antena ya redio, mwingine mtu alikuwa anauchomea mishikaki barabarani, na nilipouona pale juu ya makaa, umepangiwa nyama ya mbuzi, nilicheka mpaka nikanunua mshikaki mmoja.

Lakini nilipoushika upinde wenyewe sikucheka tena. Ulikuwa mzito, wa chuma na kitu kama plastiki ngumu, na puli zake zilikuwa za mviringo usiokamilika, kana kwamba aliyezichonga alikosea kwa makusudi. Nilipitisha kidole juu yake nikaona hakuna kosa. Kuna mtu mahali fulani, fundi kama mimi, ambaye nisingemfahamu kamwe, alikuwa amefikiri jambo ambalo babu zetu wote na babu zake wote hawakulifikiri. Nilijisikia kama naingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

"Bahati wangu," akasema Kambale, "utanichongea mishale ya hii kitu. Musafiri atapiga nguruwe, batu batakula."

Alitaka kunionyesha nguvu yake, akavuta kamba bila mshale aachie. Nilimkamata mkono. Upinde wowote, wa mti au wa chuma, usiupige mtupu. Nguvu ambayo mshale ungeondoka nayo inabaki ndani ya upinde na kuuvunja, na wewe umeushika. Kambale alikubali hilo, lakini kwenye mabawa ya upinde, zile pande mbili zinazopinda, aliona skrubu mbili, akaelewa upesi kwamba zikikazwa upinde unakuwa mkali na zikilegezwa unapoa. Akachukua spana za lori lake akazikaza skrubu zile mpaka mwisho.

"Juu ya nini uache nguvu ndani ya sanduku?" alisema.

Mimi nilijaribu kuuvuta nikashindwa. Nguvu ziliniishia katikati, watu wanatazama. Nikaurudisha nikisema nina malaria. Nilikuwa na aibu, na kwa sababu ya aibu ile sikujiuliza jambo ambalo fundi anapaswa kujiuliza kabla ya yote. Kama mimi siwezi kuuvuta, mshale wangu utawezaje kustahimili kusukumwa nao?

Ningeweza kuchonga mishale mipya, minene. Sikufanya hivyo. Niliona kitu cha ajabu namna ile kinastahili mishale bora niliyokuwa nayo, na bora maana yake ilikuwa ya Mzee Kibira. Ile myeusi, myembamba, myepesi, iliyokaushwa mpaka haina tone la maji. Niliichagua kwa heshima. Nataka mlielewe hili, vijana. Kosa langu kubwa kuliko yote katika kazi sikulifanya kwa uvivu. Nililifanya nikiwa nimevua kofia.

Tulienda kando ya kilima asubuhi, baada ya ukungu kupanda. Tulisimamisha shina la mgomba mbele ya ukingo wa udongo. Musafiri akavuta. Niliona uso wake ukibadilika katikati ya kuvuta, macho yakapanuka, akatabasamu kama mtu aliyesikia habari. Akaachia.

Sikuuona mshale. Nimeona mishale maelfu ikiruka, macho yangu yalijua kuifuata, na ule sikuuona. Nilisikia kamba, kisha nikaona tundu kwenye shina la mgomba na maji yake yanatiririka. Mshale ulikuwa umepita shina lote ukazama kwenye udongo mpaka kwenye manyoya. Mama mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa na machozi, nakiri, kwa sababu nilifikiri, Mzee, mikono yako imefika mbali namna hii. Kumbe ningekuwa na akili ningeogopa.

Wa pili ulipita vilevile, lakini uligonga jiwe ndani ya udongo ukarudi nje. Mama Sifa alikuwa anatoka shambani na jembe begani. Aliuokota, akaupangusa kwa kitenge, akaupeleka sikioni.

Nikamnyang'anya. "Mama, hii iko ya Mzee."

"Ninajua iko ya nani," akasema. "Nililala na yeye miaka makumi tatu."

"Basi unajua haipindwe."

Alinitazama, akawatazama watu wote waliokuwa pale, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nilidhani nimeshinda. Nikampa Musafiri mshale uleule.

Sasa nitawaambia kinachotokea, kwa maana nimekifikiria maisha yangu yote tangu siku ile. Mshale haurushwi ukiwa umenyooka. Kamba inausukuma kwa nyuma ghafla, wakati kichwa chake bado kimelala, kwa hiyo unajikunja kama nyoka kabla ya kuondoka. Upinde wetu wa mti unausukuma taratibu, unaukunja kidogo. Ule wa magurudumu unaupa nguvu yote kwa mara moja. Mshale mwembamba unakunjwa kupita uwezo wake, na kama una ufa, unafunguka palepale. Nusu ya mbele inaondoka. Nusu ya nyuma ina ncha kali ya kupasuka, bado inasukumwa na kamba, na mbele yake hakuna kitu isipokuwa mkono unaoshika upinde.

Sauti ilikuwa kama ya ubao unaopasuka. Musafiri hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah, Mamishale," kama mtu anayenikumbusha kitu nilichosahau nyumbani. Kijiti cheusi kilikuwa kimeingia kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha pili, kikatokeza karibu na kifundo. Kipande kingine kilikuwa kimepita shavuni kwake, chini ya jicho, kikaacha mstari. Kingepanda upana wa vidole viwili tu, leo ningekuwa naandika juu ya jicho pia. Kambale, ambaye ana maoni juu ya kila kitu, alivua shati lake jeupe bila neno akaufunga mkono, tukambeba.

Kwenye kituo cha afya, muganga alikuwa mwanamke asiyependa maneno. Alitoa vipande vya mti akaviweka kwenye sahani ya chuma, kimoja baada ya kingine, navyo vilikuwa vyeusi.

"Moshi imeingia pamoja na muti," alisema. "Tutangoja. Kama inavimba na inapita kiwiko, itabidi tuikate."

Alisema mbele ya Musafiri mwenyewe, na Musafiri akamjibu, "Mama, ukiikata unipatie, Bahati ananidai mushale." Muganga hakucheka. Mimi nilitoka nje nikaketi kwenye benchi, na hapo ndipo Mama Sifa alinikuta.

Aliketi kando yangu. Kisha akasema, "Alikuwaka anaipinda."

"Nani?"

"Muzee. Ile mishale ya baba yake. Asubuhi, kabla batu baamuke, anaingia mu jiko yangu, anafunga mulango. Anasema, papa, unisamehe. Kisha anapinda moja moja. Ile yenye inalia, ananipatia, ninapikia maharage."

Nilimwona Mzee Kibira mbele yangu, yule mkali, mbele ya wageni anakataza mshale wa marehemu usiguswe, na asubuhi peke yake anaomba msamaha na kuweka sikio.

"Juu ya nini haukuniambia kule kilimani?"

"Ulitaka nimuvue muzee yangu nguo mbele ya batu?" akasema. Halafu sauti yake ikashuka. "Ningemuvua tu. Mukono ya mutu inapita nguo."

Tulilia pamoja pale, mimi na yeye, kila mmoja na lake.

Nilirudi kambini nikafunga mlango wa kibanda, ingawa mlango wenyewe ulikuwa turubai. Nilikuwa na mishale minane, saba ambayo haijapigwa na ule wa kwanza niliouchimbua kwenye udongo. Nikasema, "Mzee, unisamehe." Nikaupinda wa kwanza, ukalia. Wa pili ukanyamaza. Wa tatu ukalia. Katika minane, mitano ililia. Yote ilikuwa imenyooka, inang'aa, haina hata mstari. Ufa haukuwa wake Mzee. Ulikuwa wangu, wa mawe ya mto na wa fimbo na wa usingizi wangu juu yake. Yeye hakunidanganya. Nilimlinda mtu ambaye hakuwa na kesi.

Mitano ile nilimpelekea Mama Sifa. Hakuuliza. Aliivunja gotini akapika maharage katika chungu kilekile kilichotoka Ntoto, na tukayapeleka kwa Musafiri. Nilimwambia yameivishwa na nini. Alitafuna polepole akasema, "Iko na chumvi kidogo, lakini Mzee alijua kazi."

Siku ya pili mkono ulivimba mpaka kifundo chote kikapotea. Siku ya tatu uvimbe ulipanda. Mke wake alichora kwa mkaa mstari chini ya kiwiko, na kila tulipofika tuliutazama mstari kwanza, kisha ndipo tukamsalimia mgonjwa. Uvimbe uliukaribia. Nilitazama ngozi ile ikikaza na kung'aa, nikaahidi mambo mengi kwa Mungu, mengine ambayo sijayatimiza. Asubuhi ya siku ya nne ngozi ilikuwa imelegea, imekunjamana kama nguo iliyokauka, na mstari wa mkaa ulikuwa mbali. Muganga aliubonyeza mkono, akaubonyeza tena. "Inabaki," alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sijasikia neno zuri kuliko lile.

Kidole gumba hakikurudi chote. Mpaka leo hakifiki kwenye kidole cha mwisho. Lakini mkono unashika.

Nilimwomba msamaha mara nyingi mpaka akachoka. Siku moja akanipeleka kwa Kambale, akaomba upinde uteremshwe ukutani, akamwambia alegeze skrubu zote kiasi zinavyoruhusu. Kisha akanipa.

"Vuta," alisema. "Hapana kuachilia. Vuta tu, ujue ile kitu uliniombaka."

Nikavuta. Mwanzoni ulikuwa mzito, mzito mno, nikadhani nitaaibika tena. Halafu katikati puli ziligeuka, na uzito ukaondoka. Ni kama umebeba gunia peke yako na ndugu amekuja ghafla kushika upande wa pili. Nilibaki nimesimama, kamba iko kwenye shavu langu, mkono wangu wa kushoto umenyooka mbele, na vidole viwili tu vinatosha kuushikilia. Ndipo nikaelewa tabasamu la Musafiri kule kilimani, na nikaelewa pia jambo lenyewe. Nguvu haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa imejificha ndani ya magurudumu yale, yote, inangoja, na kitu pekee kilichokuwa mbele yake ni mkono wangu. Upinde wa mti unakuambia kwa maumivu ya bega ni nguvu ngapi umeshika. Huu unakubembeleza.

Sikuweza kuachia kwa sababu haukuwa na mshale, na sikuwa na nguvu za kusimama hivyo siku nzima. Nikaurudisha polepole, na katikati uzito ukarudi kwa kishindo ukanivuta mbele hatua mbili. Musafiri alinidaka kwa mkono wake ule.

"Sasa unajua," alisema.

Kambale aliurudisha upinde ukutani, na kama haukuuzwa bado uko huko. Nguruwe tuliwafukuza kwa mbwa na kelele za masufuria, na Musafiri alipopona nilimchongea upinde wa mti wenye mshiko mwembamba, unaotosha kidole gumba chake. Amewapiga nguruwe wengi kwa huo, akinitania kila mara kwamba unavutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Basi, kijana wa Ngungu, jibu lako ni hapana. Utaniambia umesikia watu wanaochonga mishale minene, ya nyuzi zilizonyooka, mizito, iliyopindwa kila mara, wakalegeza upinde, wakapiga salama. Huenda. Dunia ina mafundi wazuri kuliko mimi. Lakini wewe utakuwa umechoka siku moja, au utakuwa na haraka, au mshale utakuwa umeanguka kwenye pikipiki bila wewe kujua, na upinde ule hausamehe hata siku moja. Una mishale yake uliyotengenezewa. Kama huna, utundike ukutani uutazame, maana unastahili kutazamwa. Mishale ya mti ipigwe na upinde wa mti.

Na hata huko, ipindeni. Juu ya meko yangu hapa Ntoto kuna mishale kumi na miwili, ya mwisho niliyochonga macho yakiwa mazima. Ni myeusi sasa, mizuri. Najua mtakavyofanya nikishazikwa, mtaishika kwa mikono miwili na kusema hii iko ya Papa Bahati, haipindwe. Msinitetee. Nitakuwa nimewadanganya mahali fulani bila kujua, au panya au mvua itakuwa imewadanganya kwa jina langu. Fungeni mlango mkiona aibu, mniombe msamaha kama mnataka, kisha wekeni sikio. Utakaolia, pikieni maharage, na kama Musafiri bado yuko, mpelekeeni sahani.